Kabla ya kuulizia dawa mpya ya saratani, kinyama chako kiko wapi?

Ukifika Oktoba, mwezi wa kampeni ya saratani ya matiti, simu ya maabara yetu ya patholojia haipumziki, na wengi wanaopiga wanaulizia dawa waliyoiona kwenye klipu: dokta, ile sindano mpya ya HER2 ipo? Nawaelewa, mwenye mgonjwa ndani atauliza kila mlango. Ila nikiuliza majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe ili kipimwe, yamesemaje naambiwa bado hajapimwa, mama amegoma, anasema kisu kikigusa uvimbe saratani inaamka.

Jamani, haiamki kwa sababu haikuwa imelala. Watu wanachokiona ni hiki: mgonjwa amekaa na uvimbe mwaka mzima, amezunguka kwa waganga, amefika hospitali ziwa limeshachubuka, anachukuliwa kinyama, baada ya miezi mitatu anafariki, basi lawama zote za kisu. Sindano ya kuchukulia kinyama inaweza kusogeza seli chache pale ilipopita, ni kweli, lakini nyingi zinakufa hapohapo, na wanaopimwa hivyo hawaishi pungufu kwa sababu ya kupimwa. Zipo sehemu kama korodani ambazo hatuzichomi sindano kabisa, inatolewa nzima, na hilo daktari wako analijua, halihitaji ushauri wa grupu la Wasapu.

Sasa hiyo HER2. Ni kipokezi kilichopo juu ya seli, kinapokea amri ya kukua. Kwenye saratani ya matiti, kama wagonjwa 15 hadi 20 kwa kila 100, seli zimejaza vipokezi hivi kupita kiasi na amri haikatiki. Trastuzumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, inakwenda kukikalia kipokezi. Sisi tunapaka rangi kwenye slaidi, kile kioo chenye kipande chembamba cha kinyama, seli ikizungukwa na duara la kahawia lililokolea na kufunga tunaandika 3+, yaani HER2 imejaa, ikiwa hakuna kitu tunaandika 0. Zamani ukipata 1+, yaani rangi hafifu, ulihesabiwa huna HER2, mjadala umekwisha. Mwaka 2022 utafiti wa trastuzumab deruxtecan, ambayo ni kingamwili iliyobebeshwa kemo mgongoni, ulionyesha hata hao wa HER2 kidogo ambao ugonjwa umeshasambaa wanafaidika, muda wa kuishi ulikuwa kama miezi 16.8 kwa wale wa kemo ya kawaida na 23.4 kwa waliopata dawa hiyo. Hapo utaona kwa nini nakuwa mkali, ile 1+ tuliyokuwa tunaipita haraka siku hizi inabadilisha dawa. Nisisitize pia sio tiba ya kila mtu, bei yake kubwa, inaweza kudhuru mapafu, na anayeamua ni daktari wa saratani baada ya kukuona.

Na usidharau vya zamani. Kinyama hichohicho kikionyesha vipokezi vya homoni, kuna vidonge vya tamoxifen, bei nafuu, vimeokoa wanawake wengi kuliko dawa zote zinazopigiwa kelele mtandaoni.

Tatizo ni namna kinyama kinavyotufikia. Kuna siku tulipokea kipande kimetumbukizwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, mdomo mwembamba, ndani imetiwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, kiliingia kikiwa laini, fomalini ikakikaza, kutoka hakitoki, ikabidi tuikate chupa kwa mkasi. Kingine kilisafiri na basi usiku kucha kwenye maji ya chumvi, kilipofika kimeshaanza kuoza. Najua hakuna aliyefanya makusudi. Lakini kinyama kilichochelewa kuingia fomalini kinaweza kusoma hakina vipokezi vya homoni wakati mgonjwa anavyo, na mgonjwa akanyimwa kidonge chake kwa kosa la chupa.

Kwa hiyo, kwa ndugu mnaotumwa kuleta sampuli, na wenzetu wa vituoni: chombo kiwe na mdomo mpana, fomalini ya asilimia 10, wingi wake mara kumi ya kinyama, kiingie mara tu kinapotolewa. Kikae humo kati ya saa 6 na 72, andika saa kilipotolewa. Lebo ibandikwe ubavuni mwa chombo, sio kwenye kifuniko maana vifuniko vinabadilishana mezani. Jina kamili, namba ya faili, umri, upande wa kulia au kushoto. Fomu na lebo zikitofautiana hata jina moja tunasimamisha kazi mpaka aliyechukua sampuli athibitishe, na chombo kisicho na lebo kabisa hatukipokei, mgonjwa atarudi kuchukuliwa upya. Tunatukanwa sana kaunta kwa hili, lakini mimi siwezi kukubali ziwa la mtu likatwe kwa majibu ya jirani yake.

Mnaohamia hospitali nyingine, msiombe ripoti peke yake, ombeni na bloku, ndicho kile kipande cha kinyama tulichokigandisha kwenye nta ya parafini. Kipimo kipya kikitoka mwakani kinaweza kufanyika hapohapo bila kukuchoma tena. Unasaini daftari, unapewa kwenye bahasha, unarudisha wakimaliza, ukiipoteza hatuna nyingine. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, parafini inayeyuka.