Shujaa wa redio: maana yake, na walikokwenda waliosahaulika

Shujaa wa redio ni mhusika wa hadithi za vituko ambaye watu walimjua kwa kumsikia, ama kabla ya kumwona akichorwa au zaidi ya walivyomwona. Jina hilo ni la Marekani ya miaka ya 1930 na 1940, wakati mchezo wa redio wa mfululizo na kitabu cha katuni vilipokua pamoja vikiazimana wahusika, maadui, hata silaha. Wako waliozaliwa redioni wakahamia kwenye karatasi, na wako walioanza kwa kuchorwa ndipo wakapewa sauti.

Wa kumtazama kwanza ni The Shadow. Julai 1930 alikuwa sauti tu, msimulizi wa kipindi kilicholitangaza jarida la hadithi za upelelezi la kampuni ya Street & Smith. Wasikilizaji wakaenda kwa wauza magazeti kuulizia jarida la huyo mwenye sauti, na jarida lenyewe halikuwepo. Kampuni ikampa Walter B. Gibson kazi ya kumtungia hadithi, toleo la kwanza likatoka Aprili 1931. Mwaka 1937 akarudi redioni akiwa shujaa kamili, akiigizwa na Orson Welles, kijana wa miaka 22, na huko ndiko alikopewa uwezo wa kuzifunga akili za watu wasimwone. Uwezo huo ni wa redio hasa. Asiyeonekana hahitaji vazi wala uso; kicheko chake kikisikika, msikilizaji anajua yumo chumbani, na hofu ya jambazi anaisikia katika sauti inayokatika. Vitabu vyake vya katuni vilitoka 1940 hadi 1949. Kwangu mimi havikumfikia yule wa redio, maana kalamu ya mchoraji haina budi kutuonyesha kitu, naye nguvu zake zote zilikuwa katika kutoonekana.

The Green Hornet, mpambanaji wa wahalifu aliyeficha uso, naye alitoka redioni, katika kituo cha WXYZ cha Detroit, Januari 1936, na katuni zake zikafuata 1940. Alitambulika kwa mlio wa nyigu kabla hajasema neno. Kituo hichohicho ndicho kilichomtoa Lone Ranger, mpanda farasi mwenye barakoa wa nyika za Magharibi ya Marekani, mwaka 1933, na watunzi wakawafanya wawili hao kuwa wa ukoo mmoja.

Njia ya pili, kutoka karatasini kwenda hewani, inaonekana vizuri kwa Superman. Yeye hakusahaulika, lakini deni lake kwa redio limesahaulika. Mchezo wake ulianza tarehe 12 Februari 1940, na mwigizaji Bud Collyer alikuwa na tatizo ambalo mchoraji halijui: msikilizaji atajuaje kwamba mwandishi wa habari Clark Kent amekwisha kuwa Superman? Hakuna miwani ya kuvua wala shati la kufungua. Collyer akaitatua kwa koo lake. Alianza sentensi kwa sauti nyembamba ya Kent, akaimaliza kwa sauti nzito ya kifuani, na katikati ya sentensi hiyo mtoto aliyeketi mbele ya redio alikuwa ameshabadilishiwa mtu. Kijana Jimmy Olsen, mwenzake Kent wa gazetini, alisikika kwa jina hilo redioni kabla ya katuni kumtaja, na sababu yake inaeleweka: shujaa wa kwenye karatasi anaweza kuwaza peke yake ndani ya kiputo cha maneno, lakini hewani ukimya ni kipindi kilichokatika, kwa hiyo lazima awepo wa kuzungumza naye. Hata kriptonaiti, jiwe linalomnyong'onyeza Superman, lilitoka redioni mwaka 1943. Katuni zililichukua 1949.

Sasa waliosahaulika kwelikweli. Blue Beetle wa kwanza alitokea katika katuni mwaka 1939, naye alikuwa askari polisi, Dan Garret, aliyepewa nguvu na dawa ya mfamasia rafiki yake. Mwaka uliofuata akapata mchezo wa redio wa vipindi 48, kila kimoja takribani dakika 13, sauti yake mwanzoni ikiwa ya Frank Lovejoy. Wengi wanaolijua jina hilo leo wanamfikiria kijana Jaime Reyes, aliyebuniwa 2006. Black Hood, naye mtu wa katuni tangu 1940, alipata mchezo wake mwaka 1943. Ulikwenda vipindi zaidi ya 100, na kinachojulikana kubaki ni kimoja tu, kile cha majaribio. Inauma. Michezo mingi ya wakati ule iliigizwa na kurushwa papo hapo, na kama hakuna aliyeirekodi kwenye sahani za santuri na kuitunza, iliisha pale pale ilipotamkwa. Karatasi hata ikichakaa hukutwa darini.

Jambo jingine lililowaweka mashujaa hawa hewani na kuwaondoa ni mdhamini. Captain Midnight, rubani wa redio aliyeingia pia katika katuni, alidhaminiwa na Ovaltine, kinywaji kilekile cha kopo tunachokijua. Mtoto alituma kithibitisho cha kununua kopo, akatumiwa beji yenye gurudumu la tarakimu na herufi. Mwisho wa kipindi mtangazaji alisoma tarakimu polepole, mtoto akizungusha gurudumu na kuandika herufi moja moja, mpaka dokezo la kipindi cha kesho likajitokeza kwenye karatasi yake. Taharuki ya mchezo ikawa kitu cha kushikwa mkononi.

Televisheni ilipokuja, wadhamini wakahamia huko. Captain Midnight aliwafuata mwaka 1954, lakini jina lilikuwa mali ya Ovaltine. Filamu zake ziliporudiwa baadaye bila mdhamini huyo, shujaa akaitwa Jet Jackson, na sauti ikapachikwa upya kila jina lake lilipotajwa. Midomo ya waigizaji inasema Captain Midnight, masikio yanasikia Jet Jackson.