Si kweli kwamba mtoto anayewatangulia wenzake darasani hahitaji msaada

Kuna ujumbe unaozungushwa tena na tena kwenye makundi ya gumzo: eti mtoto aliyejua kusoma mapema aachwe tu, kwa kuwa akili yake itajitafutia njia. Si kweli.

Mtoto wa miaka 6 anayesoma hadithi wakati wenzake wanajifunza herufi bado anahitaji kufundishwa. Akipewa kila siku kazi anayoiweza tayari, hazoei kupambana na jambo gumu, kukosea na kujaribu tena. Siku somo likimshinda, anaweza kukata tamaa upesi. Wengine huchoshwa, wakaanza kuwasumbua wenzao, na watu wazima huona utundu tu. Inasikitisha.

Kinachotuchanganya ni alama. Mzazi akiona 100 kwa 100 kila mara huridhika, ilhali alama hizo huonyesha anachokijua mtoto, si lazima alichojifunza muhula huu. Pitia madaftari yake, utafute kosa alilolifanya akalisahihisha. Usipoliona kwa wiki kadhaa, zungumza na mwalimu. Omba vitabu vya juu zaidi na maswali yanayomtaka aeleze sababu. Kumrundikia hesabu zilezile hakumsaidii. Kurushwa darasa kunawafaa baadhi, baada ya kupimwa kwa makini. Na kusoma vizuri hakumaanishi amekomaa kihisia: bado anahitaji kucheza na kubembelezwa.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma, kwa upole, kwa nini si sahihi.