Falsafa na elimu: yanayosemwa Lubumbashi, na ukweli wake

"Falsafa ni ya mapadri." Mwambie mzazi wa mtaa wa Katuba kwamba mtoto amechagua Latin-Philo, yaani mchepuo wa sekondari wa Kilatini na falsafa, utaulizwa kama anakwenda seminari, si angechukua Komersiale, mchepuo wa biashara, apate kazi? Dhana hii ina chanzo chake, maana seminari kubwa hufundisha falsafa kabla ya teolojia, na padri ndiye mwanafalsafa anayejulikana mtaani. Lakini mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, aliuacha utawa, akafundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, na mwaka 1988 akatoa kitabu kinachohoji nani aliyetunga haya tunayoyaita maarifa kuhusu Afrika. Swali hilo linaihusu shule kuliko kanisa.

Inayonikera zaidi ni hii: "Darasani kwangu hakuna falsafa, kuna programu ya serikali tu." Walimu wanaisema kwa fahari. Haya, chukua somo la fizikia. Mwalimu anasoma, watoto wananakili: maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na sufuria ya hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mtoto akichovya kipimajoto akaona 96, kwenye intero, jaribio la darasani, aandike nini? Akipata sifuri kwa kuandika alichokiona, basi mwalimu ameshaamua kwamba ukweli unakaa daftarini na mtoto kazi yake ni kupokea. Ameshika msimamo wa kifalsafa, hata kama hajawahi kufungua ukurasa wa Plato. Paulo Freire wa Brazil aliuita msimamo huo elimu ya kibenki: mwalimu anaweka amana, mwanafunzi anatunza.

Na programu nayo ina wenyewe. Mwaka 1906, Dola Huru ya Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, iliafikiana na Vatikani: misheni zipewe ardhi, ziendeshe shule. Shule za msingi zikaenea, ila Lovanium, chuo kikuu cha kule Kinshasa, haikufunguliwa hadi 1954, na chuo kikuu cha Élisabethville, yaani hapa, kikaanza kufundisha 1956. Wakoloni walikuwa na msemo wao: pasipo wasomi hapana matata. Uhuru wa 1960 ukakuta Wakongo waliohitimu chuo kikuu hawafiki hata 30. Walioipanga elimu hiyo walikuwa wameshajibu swali la mtoto wa Kikongo asomeshwe ili awe nani.

Wengine husema Padri Tempels, mmisionari Mbelgiji, ndiye aliyetupa falsafa. Kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa mjini humu mwaka 1945, baada ya kuishi miaka mingi na Waluba wa Katanga. Aliyoandika ni ufafanuzi wake yeye. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin, aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliikataa njia hiyo: kwake, falsafa ni ya mtu anayetoa hoja kwa jina lake na kukubali kupingwa, si mali ambayo kabila zima linayo bila kujua. Namuunga mkono, ingawa nadhani aliwabana wazee wetu mno. Mzee anayeijibu methali ya mwenzake kwa methali nyingine, akaeleza kwa nini, hapo tayari yuko kwenye hoja.

Eti mwanafalsafa wa elimu lazima awe mlezi bora? Wapi! Rousseau, aliyechapisha Émile, kitabu chake kuhusu malezi ya mtoto, mwaka 1762, watoto wake watano aliwapeleka kwenye kituo cha watoto waliotelekezwa. Hoja yake kwamba mtoto ajifunze kwa macho na mikono yake kabla ya kitabu bado inamfaa yule mwenye kipimajoto.