Komedi ya kuachana ni filamu ya namna gani?

Komedi ya kuachana ni filamu ya kuchekesha kuhusu wapenzi wawili ambao mambo yao yamekwisha, au yanakaribia kwisha, lakini bado hawajaweza kuondokeana machoni. Filamu ya kawaida ya mapenzi na vichekesho huanza na watu wasiojuana, hupita kwenye vikwazo viwili vitatu na kuishia kwenye busu au shela. Hii huanzia pale ile ilipoishia. Kukutana na kutongozana hupewa dakika chache, pengine picha tu zinazopita wakati majina ya waigizaji yanaandikwa, na mtazamaji hajakaa vizuri, tayari watu wanagombana.

Kuachana kwenyewe ndiko kunakochekesha, kwa kuwa hawa wawili hawana pa kwenda. Kabla ya kuandika mzaha wowote, mwandishi wa filamu ya aina hii hutafuta kitu kitakachowafunga pamoja baada ya mapenzi kuisha. Mara nyingi ni nyumba. Inaweza kuwa mtoto, duka, au harusi ya mdogo wa mmoja wao ambayo wameshaahidi kuhudhuria kama wapenzi. Bila kamba hiyo mmoja angebeba begi lake, akapanda basi, na filamu ingekwisha watu hawajamaliza hata karanga zao.

Mfano unaotajwa zaidi ni The Break-Up ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Peyton Reed. Gary, anayechezwa na Vince Vaughn, anatembeza watalii kwa basi mjini Chicago, biashara anayofanya na ndugu zake. Brooke, anayechezwa na Jennifer Aniston, anafanya kazi kwenye jumba la maonyesho ya sanaa. Hawajafunga ndoa, ila wamenunua nyumba kwa pamoja kwenye jengo la ghorofa, na nyumba ni nzuri kiasi kwamba hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kutoka.

Ugomvi wao mkubwa unaanzia kwenye malimau. Jioni hiyo wana wageni, ndugu wa pande zote mbili. Brooke amemwagiza Gary malimau kumi na mawili, Gary anarudi na matatu. Brooke alitaka ayapange mezani kama pambo. Gary haelewi limau ambalo haliliwi linafanya nini mezani. Wageni wakishaondoka, Brooke anaomba wasaidiane kuosha vyombo. Gary ameshakaa kwenye gemu, anataka apumzike kwanza. Baada ya kusukumwa anainuka shingo upande: haya, nitakusaidia. Hapo ndipo Brooke anapochemka kabisa, kwa sababu hakutaka asaidiwe kwa kulazimisha. Alitaka Gary atamani mwenyewe kuosha. Naye Gary anashangaa kweli kweli: nani duniani anatamani kuosha vyombo?

Simamisha filamu hapo uulize waliokaa sebuleni nani ana makosa, utaona shangazi na mjomba wanavyotazamana. Gary ana hoja na Brooke ana hoja kubwa zaidi, ila hajaisema. Anachotaka kusema ni kwamba amechoka kuwa mtu pekee anayeiona nyumba ikichafuka, na badala yake anazungumzia malimau. Huo ndio ufundi wa aina hii ya filamu: watu wanagombania kitu kidogo kwa sauti kubwa, na kitu kikubwa kinabaki kimya chini yake. Mtazamaji anakisikia, wenyewe hawakisikii, na katika tofauti hiyo ndimo kicheko kinamotoka.

Kuanzia hapo ni kukomoana. Gary anahamia sebuleni na kuleta meza ya pulu ambayo Brooke hakuwahi kuitaka. Brooke analeta wanaume wa kutoka nao ili Gary aone wivu. Kila mmoja ana marafiki wanaomshauri vibaya kwa nia njema. Mwishowe nyumba inauzwa, na hawarudiani. Wanakutana barabarani baada ya muda, wanasalimiana vizuri, kila mtu anaendelea na safari yake. (Ndiyo, nimekutolea uhondo, lakini filamu yenyewe ni ya zamani.) Mimi naona mwisho huo ulihitaji ujasiri, maana aliyelipa tiketi kuona vichekesho vya mapenzi huwa amelipia pia warudiane.

Na kweli, kwa miongo mingi walirudiana. Hollywood ilianza kusimamia kwa ukali kanuni zake za maadili mwaka 1934, na uzinzi haukuruhusiwa kuonyeshwa kama jambo la kufurahisha. Waandishi wakapata njia ya kupenya: mume na mke wanadai talaka, wanatoka na watu wengine, wanafanyiana visa vya kila aina, kisha wanagundua bado wanapendana. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwani tangu mwanzo walikuwa wanandoa. The Awful Truth ya 1937 ilitengenezwa hivyo na ikampa Leo McCarey tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora. Mwaka 1981 mwanafalsafa Stanley Cavell alizikusanya filamu za kundi hilo kwenye kitabu na kuziita komedi za kuoana tena. Upande wa pili kabisa kuna The War of the Roses ya 1989, ambamo mume na mke wanapigania nyumba mpaka wanakufa ndani yake. Zote ni za ukoo mmoja. Kwa hiyo mwisho hauwezi kuwa kipimo cha kuijua komedi ya kuachana. Kipimo ni ile kamba.

Hapa Dodoma kamba ziko tele, na sijui kwa nini waandishi wetu hawazitumii zaidi. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, mji umejaa watu waliokuja kwa uhamisho na wanaoanza maisha upya. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 760,000 kwenye jiji peke yake. Chukua kijana anayefanya kazi wizarani Mtumba na binti aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akapata kazi mjini. Wamepanga pamoja Ilazo, kodi ya miezi sita imeshalipwa, dalali ameshakula chake. Mwezi wa pili wanaachana. Nani anaondoka? Mwenye nyumba harudishi hela, na nyumba nyingine inataka miezi sita mingine.

Hapo huhitaji malimau. Maji ya mgao yanatoka saa nane usiku, na watu wawili wasiosemeshana wamelala vyumba tofauti, kila mmoja anasikiliza bomba likianza kukoroma na anasubiri mwenzake aamke akajaze ndoo. Asubuhi hakuna aliyeoga. Au luku imebaki yuniti mbili: aliyenunua mara ya mwisho anakaa gizani kwa kiburi, huku friji yenye nyama ya wote wawili ikianza kudondosha maji. Tukio kama hilo halina gharama kubwa ya kupiga, na Mtanzania yeyote ataelewa bila kuelezwa.

Washauri wabaya nao hawakosekani. Kule Chicago ni rafiki wa baa. Huku ni wifi, mshenga, na mama mwenye nyumba anayesikia kila kitu kupitia dirisha la choo. Ndoa ikiwa imefungwa kimila, kamba inanenepa zaidi. Kwa Wagogo mahari ni ng'ombe, na Peter Rigby, aliyetoa kitabu mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na ukoo kwa Wagogo, alieleza jinsi mahari inavyochangwa na ndugu wengi na kugawanywa kwa ndugu wengi. Wawili wakigombana mjini, kuna mjomba kijijini anayeanza kumwangalia ndama wake kwa wasiwasi.

Kisha kuna sheria, ambayo nayo ina vichekesho vyake. Gary na Brooke hawakuwa wanandoa. Hapa kwetu, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, jamii ikiwatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Fikiria watu waliokwepa harusi kwa kuogopa michango ya kamati, wanaachana, halafu wanabishana mahakamani kama waliwahi kuoana. Na kwa waliofunga ndoa, kwa kawaida mahakama haipokei maombi ya talaka kabla mgogoro haujapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Wazee wa baraza wanaojaribu kuelewa ugomvi ulioanza kwa yuniti mbili za umeme, hiyo ni sehemu nzima ya filamu.

Kuna sharti moja ambalo filamu nyingi za wanandoa kugombana hulikosa, na likikosekana kicheko hufa. Lazima wawili hawa wawe na nguvu zinazokaribiana. Brooke anaweza kumkomoa Gary kwa sababu nyumba ni yake pia. Mwanaume akiwa na hati, funguo na mkono mwepesi, na mke akatupiwa mabegi nje usiku, hiyo ni filamu nyingine na haistahili kuchekewa, hata kama mtayarishaji ameweka muziki wa kuchekesha chini yake.

Kwa mke asiye na mshahara, nguvu hiyo imetokana kwa sehemu na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambamo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwani mahakama iliona fedha alizowahi kupewa na mumewe zilishakuwa fungu lake. Ila waliokuja baada yake waliingia mahakamani na hoja mkononi.

Kwa hiyo mwandishi anayetaka kujaribu komedi hii kwa mazingira ya huku aanze na kiwanja. Kiwe Nala au Iyumbu, kimenunuliwa kwa mkopo wa mmoja na kikoba cha mwingine, msingi umeshamwagwa, na mifuko ya saruji iko stoo inaanza kuganda. Saruji haisubiri watu wapatane. Ama waendelee kujenga nyumba ambayo hakuna anayetaka kuishi ndani yake na mwenzake, ama kila mmoja achukue mifuko yake na kumwachia mwenzake matofali.