Alfa huja ukifumba macho

Mgonjwa akija kupimwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, namwanzia na nywele: fumua misuko, osha, usipake mafuta. Elektrodi ni kisahani kidogo kama kifungo cha shati, na umeme kinaoukamata kichwani hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti. Mafuta kidogo tu yanaharibu kila kitu.

Nikishabandika zote namwambia, "Mama, fumba macho, legeza taya." Taya zikikazwa, skrini nzima inajaa michirizi ya misuli. Akilegea, mistari ya kisogoni inaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio, mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Hayo ndiyo mawimbi ya alfa. Akifumbua macho, yanakatika papo hapo. Nimeyaona mara nyingi sana na bado yananifurahisha. Daktari Mjerumani Hans Berger alianza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu mjini Jena mwaka 1924, asichapishe mpaka 1929.

Watu wananiuliza sana kuhusu zile sauti za mtandaoni zinazodaiwa kufungua fahamu. Mbinu yenyewe ipo. Sikio la kushoto linapewa sauti ya mitetemo 400 kwa sekunde, la kulia 410, nawe unasikia mpigo wa 10 ambao haumo katika spika yoyote kati ya hizo mbili. Ubongo ndio umeutengeneza. Lakini kuusikia mpigo huo hakumaanishi kwamba ubongo mzima umeufuata, na watafiti waliopima wamepata majibu yanayopingana. Dalili ya mvua ni mawingu, na alfa kwangu ni wingu la namna hiyo: linaniambia huyu katulia, kafumba macho. Anayeuza wingu asidai anauza mvua.

Mwanga una nguvu zaidi. Katika kipimo tunawasha taa inayomweka mbele ya macho, tukiongeza kasi hatua kwa hatua, na mara nyingi mawimbi ya kisogoni yanafuata mimweko ile. Tunafanya hivyo kwa sababu kuna wenye kifafa ambao mwanga wa aina hiyo huwaamshia degedege, na ni heri tuligundue kitandani, tukiwa tayari kuizima taa. Kwa hiyo programu za simu zinazomwekamweka ili "kukupeleka kwenye theta", yaani mawimbi ya polepole ya kusinzia, zinanitia hofu. Kama una kifafa, ziache kabisa, na dawa zako usizipunguze kwa ajili ya sauti yoyote.

Pumzi nayo inabadilisha fahamu kweli. Namwomba mgonjwa apumue kwa nguvu dakika 3: kabonidayoksaidi inapungua katika damu, mishipa ya ubongo inabana, na kwa wengi, hasa watoto, mawimbi yanakuwa makubwa na ya polepole. Midomo inawasha, kichwa kinakuwa chepesi. Wanaofundisha kupumua kwa kasi ili mtu ajione ametoka mwilini wanapita njia hiyohiyo. Kupumua polepole ndiko ninakokupendekeza, hasa kutoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta.

Baadaye nazima taa, na asiyelala vizuri jana yake huanza kusinzia. Alfa inakatikakatika, theta za mara 4 hadi 7 zinaingia, macho yanazunguka taratibu chini ya kope. Hapo sisemi neno, naacha mashine iendelee kurekodi.