Dreamers ni akina nani, na "kurudishwa kwao" kuna maana gani?

Dreamers ni jina wanaloitwa nchini Marekani vijana walioingizwa nchini humo na wazazi wao wakiwa wadogo, wakalelewa na kusomeshwa huko, lakini wakawa hawana hati ya kuwaruhusu kuishi nchini kisheria. Wengi wana asili ya Mexico, ingawa wamo pia waliotoka Amerika ya Kati, Asia na Afrika. Jina lenyewe limetokana na mswada uliowasilishwa mwaka 2001 na maseneta Dick Durbin na Orrin Hatch, mmoja wa chama cha Democratic na mwenzake wa Republican, mswada ambao herufi za mwanzo za jina lake huunda neno la Kiingereza DREAM, yaani ndoto. Mswada huo ungewafungulia njia ya ukaazi wa kudumu. Desemba 2010 ulipita katika Baraza la Wawakilishi, lakini katika Seneti ukapata kura 55 wakati zilihitajika 60.

Wengi wa vijana hawa hukua bila kujua hali yao. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu katika shule ya umma kwa sababu hana hati, na kwa hiyo mtoto husoma, hucheza mpira na huimba wimbo wa taifa pamoja na wenzake bila mtu kumwuliza lolote. Mambo hubadilika anapokaribia miaka 16, wenzake wanapokwenda kufanya mtihani wa leseni ya udereva, au baadaye anapojaza fomu ya kuomba msaada wa ada ya chuo na kukuta nafasi ya namba ya hifadhi ya jamii, yenye tarakimu 9, ambayo asiye na hati kwa kawaida hana. Anamwuliza mama namba yake, na mama anakosa la kujibu.

Tarehe 15 Juni 2012 serikali ya Rais Barack Obama ilianzisha mpango wa DACA, ambao watu wengi huudhania kuwa ni uraia. Huo si uraia wala ukaazi, bali ni ahirisho la kufukuzwa kwa miaka 2, pamoja na kibali cha kazi, na muda ukikaribia kwisha mtu huomba upya, hulipa upya na huchukuliwa tena alama za vidole. Mwombaji alitakiwa awe aliingia kabla ya kutimiza miaka 16, na awe ameishi Marekani mfululizo tangu 15 Juni 2007. Serikali ya Rais Donald Trump ilitangaza kuufuta mwaka 2017, Mahakama ya Juu ikazuia hatua hiyo mwaka 2020 kwa kura 5 kwa 4, kisha Julai 2021 mahakama moja ya Texas ikazuia maombi mapya yasiidhinishwe. Anayemaliza sekondari leo, kwa kawaida, hata tarehe zenyewe zinamwacha nje.

Vyombo vyetu vya habari husema watu hawa "wanarudishwa kwao". Mimi naona neno hilo haliwatendei haki. Kwao mtu ni pale anapojua njia za mtaa, walipo jamaa zake na lugha anayoiotea ndoto, na aliyebebwa mgongoni akiwa na miaka 2 anapelekwa mahali asipopakumbuka, pengine kwa lugha anayoikwaruza tu. Wahenga walisema mwacha kwao ni mtumwa, lakini mtoto huyu hakuacha, alichukuliwa.

Wapo wanaouliza kwa nini wasiondoke kwa hiari yao, wakaomba viza na kurejea kihalali. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1996, aliyekaa bila kibali kwa mwaka mmoja au zaidi baada ya kutimiza miaka 18, akiondoka, hufungiwa mlango kwa miaka 10, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Kijana asiye na DACA anaweza kufikia kiwango hicho siku anapotimiza miaka 19.