Swichi za RNA zinazopima virusi: maswali na majibu

Swali: Hivi swichi ya RNA ni kitu gani?
Jibu: RNA ni molekuli kama uzi inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, yameandikwa kwa herufi za kikemikali. Swichi ni kipande cha RNA kimetengenezwa maabara, kimejikunja chenyewe kama pini ya nywele. Ndani ya mkunjo imebanwa ile alama ya kuanzia kusoma, kwa hiyo ribosomu, yaani mtambo wa kutengeneza protini, inakwama. Ila kuna kamkia kameachwa wazi, na herufi zake zinaoana na za RNA ya kirusi unachokitafuta, sasa hiyo RNA ikifika inashikamana na mkia, inafumua mkunjo taratibu mpaka alama inakuwa wazi na protini inaanza kutoka.

Swali: Wazo limetoka wapi?
Jibu: Bakteria wana swichi za RNA zao za asili, wanazitumia kujua kama vitamini fulani, mfano B12, ipo ya kutosha, hilo lilithibitishwa 2002. Hizi za mkia nilizoelezea zilitangazwa 2014 Marekani na watafiti kina Alexander Green, James Collins na Peng Yin.

Swali: Majibu ya kipimo unayaonaje?
Jibu: Protini inayotoka ni kimeng'enya kinachogeuza rangi ya njano kuwa zambarau. Na hapa ndo pananifurahisha mno, manake mitambo yote ya seli inakaushwa kwenye karatasi, hakuna seli hai, ukiweka maji na sampuli kazi inaanza. Mwaka 2016 watafiti walionyesha inaweza kugundua kirusi cha Zika.

Swali: Si unachagua tu herufi zinazooana, ugumu uko wapi?
Jibu: Ugumu upo, tena mwingi. RNA ya kirusi nayo inajikunja, ukilenga sehemu iliyojificha swichi haitaifikia. Mkunjo ukiwa legelege unavuja, rangi inabadilika hata kirusi hakipo, ukikaza sana haufunguki kabisa. Programu za kompyuta zinakisia mikunjo lakini zinakosea, kwa hiyo lazima utengeneze swichi nyingi uzijaribu moja moja. Halafu kwenye damu kirusi huwa kichache, inabidi RNA yake izalishwe kwanza iwe nyingi, na mimi naona watu wanaisahau sana hii hatua wakati ndiyo inayobeba kipimo.

Swali: Inaweza kuniambukiza?
Jibu: Hapana, swichi yenyewe haina uwezo wa kuzaliana.

Swali: Niisubirie badala ya kwenda hospitali?
Jibu: Usisubiri. Kazi kubwa bado ni ya utafiti, ukiwa na homa nenda upimwe kwa vipimo vilivyopo sasa hivi.